Mpishi wa Magomeni, turubai la mjini na mapokezi ya Baba Paroko mpya

Nianze na jibu, mwenye haraka aondoke nalo. Kama parokia yenu inapokea paroko mpya, yaani padre msimamizi wa parokia, na mko Mtwara mjini au vijiji vya jirani, chakula mpeni mama mpishi wa Magomeni. Maturubai na spika msichukue kwa yule tuliyemchukua sisi. Na kile kifurushi cha "kila kitu ndani", yaani chakula, viti, mapambo, mshereheshaji na keki kwa bei moja, kikataeni hata kama mwenyekiti wenu ameshakipenda.

Nilikuwa mhazini wa kamati ya mapokezi. Siku za kawaida nauza nafaka sokoni, kwa hiyo kilo ya mchele hainipigi chenga, na mtu akiniambia gunia limekwisha namwomba anionyeshe gunia lenyewe. Nadhani ndiyo sababu halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadri, walinikabidhi daftari la fedha. Sababu nyingine ni kwamba hakuna mwingine aliyelitaka.

Parokia yetu ina vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake. Kanisa la parokiani liko upande wa mjini, lakini waumini wengi wako bondeni kuelekea Mto Ruvuma, safari ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Barua za uhamisho zilipotoka, tukajua paroko wetu anahama na mwingine anakuja kutoka upande wa Ndanda, wenzangu wakaanza kujadili rangi ya vitenge. Mimi nilikuwa na swali moja: yule bibi wa kigango cha mwisho, anayeamka saa tisa usiku kusubiri Fuso, atakula nini na atakula saa ngapi? Meza kuu haijawahi kulala njaa tangu kanisa letu lijengwe. Nimehudhuria sherehe nyingi, za upadrisho, za jubilei, za kuaga na kupokea, na mara nyingi nimewaona watu wa mbali wakipanda gari la kurudi na soda moja na kipande cha mkate, huku ndani ya ukumbi watu wakifungashiana mapaja ya kuku kwenye mifuko. Kwa hiyo huduma zote ninazozisema hapa nimezipima kwa sahani ya yule bibi. Anayetaka kupima kwa urefu wa keki atafute mwandishi mwingine.

Mwenye kifurushi alikuja kwenye kikao amevaa suti, mchana wa jua kali, akatuonyesha picha kwenye simu. Meza zimefunikwa satini, leso zimekunjwa, glasi zimepangwa. Shilingi 11,000 kwa sahani, sahani 500, jumla 5,500,000, turubai na viti humo humo. Nikamuuliza sahani moja inabeba wali kiasi gani. Akacheka, akadhani namtania. Nikamuuliza wakija watu mia sita itakuwaje. "Mama, usijali, tutabana." Kubana maana yake najua: wa mbele wapate kama kawaida, wa nyuma wapate mchuzi. Nikafunga daftari. Mwenyekiti alininunia wiki nzima.

Mama mpishi nilimpata kwa kuulizia sokoni. Ni mtu mzima, amepika harusi, maulidi na hitima za nusu ya mji huu, na ni Mwislamu. Baadhi ya wajumbe walinong'ona kidogo: mapokezi ya padre, apike Mwislamu? Nikawauliza wanapokaa kwenye mkeka wa hitima kwa majirani zao, huwa wanamhoji mpishi dini yake kabla ya kunawa mikono? Hoja ikaisha, tukaendelea na mengine.

Nilipomwendea nyumbani kwake nilijiandaa kuulizwa bei na idadi. Nimemwamkia, ameitikia, akaanza yeye.

"Haya mwanangu, askofu anakuja mwenyewe au anamtuma mtu?"

"Amemtuma dekano, mama." Ndiye padre anayesimamia kundi la parokia za jirani.

"Kuna watoto wa kupakwa mafuta?" Alimaanisha kipaimara.

"Hakuna."

"Basi mtatoka saa saba. Angekuja askofu na watoto, mchele nisingeuweka motoni kabla ya saa saba na nusu. Watu wa mbali wangapi? Wanakuja na gari gani? Majirani wa msikitini mmewaalika? Nani anachinja?"

Yule wa suti hakuuliza hata moja kati ya hayo. Hapo nilijua nimefika.

Nilimpelekea ratiba ya ibada, kwa sababu kumsimika paroko si misa ya Jumapili ya kawaida na mpishi asiyejua hilo atawapa watu wali uliokauka. Barua ya uteuzi inasomwa mbele ya watu wote. Paroko anakiri imani, halafu anakula kiapo cha uaminifu mkono wake ukiwa juu ya Injili. Anakabidhiwa funguo za kanisa. Dekano anamzungusha: mlangoni, kwenye kisima cha ubatizo, kwenye kiti cha kitubio, kwenye tabenakulo inakotunzwa Ekaristi, anaketi kwenye kiti cha kuongozea ibada, kengele inagongwa. Kwetu dekano alieleza kwa subira kwamba kwa kanuni ya 527 ya sheria za Kanisa paroko anaanza kubeba wajibu wake pale anaposhika rasmi parokia, barua peke yake haitoshi. Mama mpishi alisikiliza maelezo yangu yote, akahesabu kwa vidole, akasema, "Ongeza dakika arobaini. Na wazee wakipewa maiki, ongeza saa." Wazee walipewa maiki. Mmoja alitupeleka mpaka enzi za mapadri Wabenediktini, kabla ya 1972, huku kwetu kulipokuwa bado ni eneo la abasia (monasteri) ya Ndanda na si jimbo. Ni historia nzuri na ninaipenda, lakini jua lilikuwa utosini.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo inayotafutwa na wahazini wenzangu. Mama mpishi hauzi sahani, anauza kazi. Mnaleta chakula, yeye analeta wanawake wake wanane, masufuria, miiko na masinia ya kukodi, na bei ya jumla tulikubaliana 500,000. Kanuni yake ya mchele ni kilo moja kwa watu watano. "Ukiweka sita unawapunja," alisema, nami muuza mchele nikaitika kwa kichwa maana ni kweli. Watu 600, kilo 120. Nusu ya mchele huo ulitoka kwa jumuiya ndogo ndogo, lakini hata nikiuhesabu wote kwa bei ya dukani kwangu, ukaongeza ng'ombe mmoja, mafuta madumu mawili, samaki, vitunguu, nyanya na viungo, kuni, kreti 25 za soda na ujira wake, haikufika milioni tatu. Karibu nusu ya bei ya yule wa kutubana, na watu mia zaidi, ingawa turubai na viti tulivilipia kando.

Jambo lililoniuma kichwa zaidi ya bei lilikuwa muda wa kulipa. Uhamisho ulitukuta mwezi Agosti. Kila mtu wa huku anajua Agosti ni mwezi gani: waliouza ufuta wameshalipa ada na madeni, mbaazi bado ziko uani, mikorosho inapuliziwa salfa na pesa ya korosho ni mpaka mnada uanze, Oktoba huko. Michango ikaja kwa namna ya ahadi. "Mhazini, niandike elfu thelathini, msimu." Daftari langu lilijaa neno "msimu". Mwenye turubai alipolisikia alisema malipo yote kwanza au hapakii hata kiti kimoja. Mama mpishi alichukua nusu, iliyobaki akakubali iandikwe kwenye daftari lake na langu, tukasaini mbele ya mashahidi wawili. Huduma ya namna hii hamtaipata kwa mtu anayevaa suti kwenye kikao.

Lakini msidhani ni malaika. Kwanza, hatoi risiti. Kamati ya fedha ya parokia inataka karatasi, na karatasi yake ni ukurasa wa daftari la shule wenye maandishi ya mjukuu. Ilinibidi niandike hati ya malipo mwenyewe, nimpelekee aweke dole gumba, halafu nijibu maswali ya katibu ambaye hajawahi kununua hata fungu la nyanya. Pili, mdomo. Hataki mtu asogelee jiko lake. Wanawake wenzangu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuwa wamezoea kupika wenyewe kwenye kila sherehe, na wengine walikuja na miiko yao Jumamosi jioni wakiwa wamejifunga vibwebwe. Akawatimua. Kulikuwa na maneno pale, mengine siyaandiki. Nilipatanisha kwa kuwapa WAWATA chai ya alfajiri na upakuaji wa meza kuu, yeye akabaki na masufuria na masinia. Kwenu mkimwita, mgawanyo huu wa kazi uandikeni mapema, tena mwenyekiti wa WAWATA awepo kikaoni. Mimi sikumwita na nusura linitokee puani.

Ng'ombe alichinjwa Jumamosi baada ya alasiri na mzee wa msikiti wa jirani, tukimshukuru kama kawaida kwa kipande chake cha nyama. Mama mpishi alisimama hapo hapo mpaka ngozi ikatoka. Nyama ya mbavu akaitenga kwa mchuzi, steki kwa pilau, mifupa akaiweka kwenye sufuria ya peke yake, na supu ile ndiyo iliyowaamsha walinzi na vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, waliokesha na sisi. Usiku kulikuwa na kusi kali ya mwezi wa nane. Aliwaagiza wanawake wake wageuze mafiga mara mbili ili moto usikimbie upande mmoja, akakinga kwa mabati ya uzio wa parokia (tuliyarudisha, Baba Paroko, kama unasoma hapa, yote yamerudi).

Chai ya alfajiri ndipo sifa ya WAWATA ilipo na sitawanyima. Fuso la kwanza kutoka bondeni liliingia jua halijachomoza, watu wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Walikuta chai ya tangawizi, ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, na mihogo. Mwenye kifurushi alikuwa ametuandikia "vitafunwa vya asubuhi: keki ndogo na sambusa, wageni maalumu". Ming'oko ilimalizika kabla ya misa na chai ikaisha pia, hilo ni kosa letu la kukadiria, wala si la mpishi.

Mapokezi yenyewe niyapitie haraka. Tulimsubiri Mikindani, pale barabara inapokutana na bahari, bodaboda zimefungwa matawi, matarumbeta yamejipanga. Akashuka kwenye gari akapanda pikapu ya wazi, msafara ukaingia mjini kwa honi. Parokiani wanawake walitandika kanga zao njiani apite juu yake, sindimba, ngoma ya Kimakonde, ikalia, watoto wa Utoto Mtakatifu wakaimba wimbo wenye beti nyingi mno. Ni padre kijana, mrefu, mpole. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alimtazama kuanzia kiatu mpaka kola, akatoa hukumu kwa Kiswahili chake cha Kimakonde: "Huyu ntoto nwembamba. Alishwe." Mpaka sasa sijasikia hotuba bora zaidi ya hiyo siku ile.

Halafu spika.

Mwenye turubai na muziki tulimchukua kwa sababu alikuwa na bei ya chini na maturubai meupe, mapya kwa kuyatazama. Alichelewa. Alipofika, vijana wake walifunga kamba za turubai la mbele kwenye miguu ya viti vya plastiki. Viti vya plastiki, kwenye kusi! Kabla ya Injili turubai lilijaa upepo kama tanga la mashua, viti vitatu vikanyanyuka navyo, na akina baba wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, wakakimbilia kuning'inia kwenye nguzo. Waliomba jembe wakachimba mashimo, wakafunga kwenye mawe. Ile ni kazi niliyoilipia shilingi kamili mapema, ikaishia kufanywa na waumini wenye suti zao za Jumapili.

Hilo ningelisamehe. La kiapo silisamehe. Kanisa lilijaa, wengi wetu tulikuwa nje chini ya maturubai tukitegemea spika. Umeme ukakatika barua ya uteuzi ikiwa katikati, na naomba mtu asiniulize inakuwaje umeme unakatika kwa watu wanaoishi jirani na gesi ya Mnazi Bay. Jenereta lilikuwepo, kwenye mkataba limeandikwa, ila halikuwa na mafuta. Kijana wake akaja kwangu, mhazini, kuomba pesa ya petroli. Nikampa kutoka kwenye mkoba wangu. Muda alioutumia kwenda na kurudi ndio muda Baba Paroko alikuwa anakiri imani na kuapa. Sisi wa nje tuliona mkono tu juu ya kitabu. Watu waliosafiri usiku kucha kumwona mchungaji wao akiapa kwao, hawakusikia neno. Moto uliporudi, kitu cha kwanza tulichosikia ni mlio wa maiki uliofanya watoto wazibe masikio, halafu "halo, halo, moja mbili". Jina lake silitaji, lakini nawapa mtihani wa kuwatambua wote wa aina yake: mwombeni awashe jenereta mbele yenu kabla hamjampa senti. Akisema liko gereji, ondokeni.

Mapambo: mengi mno. Maputo yalikataliwa na kamati ya liturujia yasiingie kanisani na nawashukuru. Keki ilikuwepo, ikakatwa, ikaisha.

Turudi kwenye chakula. Misa ilitoka saa nane na dakika arobaini na kitu, kama alivyohesabu mama mpishi. Hapo kulikuwa na zawadi bado: mbuzi, kuku wamefungwa miguu, ndoo za korosho, magunia ya mbaazi, mikeka, picha ya Bikira Maria kwenye fremu kubwa. Kila kigango kinapita kwa wimbo wake, na kila wimbo una kibwagizo. Mwenyekiti akataka chakula kisubiri mpaka zawadi ziishe na meza kuu ikae. Mama mpishi alimsikiliza kwa adabu zote, akasema, "Sawa baba," kisha akageuka akawaambia wanawake wake wapakue. Masinia yakatoka nyuma kwanza. Sinia moja watu sita, pilau juu, nyama imepangwa katikati, kachumbari kwenye bakuli, ndizi pembeni. Watu wa vigango walikaa kwenye mikeka chini ya miembe wakala kwa mikono, waliomaliza kutoa zawadi wanaketi, wanaokaribia kutoa wanainuka. Hakuna aliyepanga mstari. Wakati ule ule WAWATA wakapakulia meza kuu na mahotipoti yao, kwa hiyo hata mwenyekiti alikosa la kusema. Majirani wa msikitini walikula pamoja nasi kwenye masinia yale yale, na imamu alikaa karibu na dekano wakiongea habari za salfa.

Kisha simu ikaja kwamba Fuso la pili, lile la kigango cha mwisho kabisa, limeharibika njiani tangu asubuhi na ndiyo kwanza linatengemaa. Watu zaidi ya arobaini, na yule bibi anayeamka saa tisa usiku miongoni mwao. Nilikwenda jikoni moyo umedunda, kwa maana nilijua hesabu ya mchele na niliona masinia yanavyorudi meupe. Mama mpishi alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunywa maji. Nikamweleza. Hakushangaa. Alinionyesha masufuria mawili pembeni yamefunikwa, mkaa umepaliwa juu na chini. Moja pilau. Jingine mchuzi wa samaki, changu na tasi, na kando yake unga wa muhogo ambao haujaguswa. "Uliniambia wa mbali watakuja na magari mawili. Nimeona moja," alisema.

Nimefanya biashara ya chakula miaka mingi na sijui wangapi kwenye kazi hii wangekumbuka kuhesabu magari.

Walifika jua limeshapinda. Misa wameikosa, kiapo wamekikosa (karibuni kwenye kundi letu), sindimba imeshaanua. Ugali wa muhogo ulisongwa pale pale, wa moto, na pilau ikatoka laini haijakauka. Na hapa lilitokea jambo ambalo si la mpishi lakini lilimsaidia mpishi. Baba Paroko alikuwa hajala. Tangu misa itoke alikuwa amesimama anapokea kuku na kupigwa picha, na alipopata nafasi ya kukaa, meza kuu ilikuwa imeshasafishwa, hotipoti zinaoshwa, waheshimiwa wamefungasha. Akaja jikoni kuulizia kama kuna chochote. Akapewa kigoda na tonge la muhogo pamoja na watu wa Fuso, akala samaki mpaka akaomba mchuzi wa pili. Bibi wa "alishwe" alikuwa amesimama pale anasimamia.

Kuhusu ladha, niseme ukweli wangu. Pilau yake ni ya pwani, ya binzari nyembamba, mdalasini na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vimekuwa vyeusi karibu na kuungua, rangi inatoka hapo bila kutia rangi ya dukani. Nyama iliiva. Chumvi aliipunguza mno. Nilipomuuliza alisema kwenye watu 600 wenye presha hawakosekani na asiyeridhika ana mkono wa kuongezea. Ni sawa, ila chumvi mezani haikuwepo. Kachumbari ilikuwa na pilipili nyingi kwa watoto. Mchuzi wa samaki ndio uliozidi kila kitu, nazi nzito, embe bichi ndani, na ninasikitika kwamba waliouonja ni wachache waliochelewa na sisi wa jikoni. Kama mtamwita, mwambieni apunguze nyama aongeze samaki. Mtwara tuna bahari, sijui kwa nini kila sherehe lazima ng'ombe.

Nyota? Mpishi nampa nne kwa tano, moja nimeikata kwa sababu ya risiti na chumvi. Mwenye turubai moja, na hiyo ni kwa sababu viti vilikuwa safi.

Mambo ya kumpata. Namba yake siweki hapa, amekataa mwenyewe. Anasema watu wakiipata wanampigia usiku kuuliza bei ya birika la chai. Nendeni Magomeni, ulizeni kwa wanawake wanaokaanga samaki asubuhi, watawapeleka mlangoni. Mwezi wa Ramadhani hapokei kazi. Ijumaa hapiki mchana. Kuanzia Novemba, pesa ya korosho ikishaingia mikononi, harusi zinamiminika na hapatikani hata kwa dawa, kwa hiyo mwenye shughuli ya miezi hiyo amuwahi mapema na aende na kitu mkononi. Kuni mnunue wenyewe, kavu, ziletwe siku mbili kabla, zikiwa mbichi atazirudisha na mtalipia gari mara mbili. Masinia akiondoka nayo yahesabuni pamoja, mbele yake, kwa sauti, hapendi kuambiwa baadaye kuna lililopotea. Nusu ya ujira wake iliyobaki nimeshaitenga kutoka kwenye michango ya wale wa "msimu" waliokwisha kulipa, na wale ambao hawajalipa majina yao ninayo, ukurasa wa kumi na moja mpaka wa kumi na nne, wanajijua.